Mtoto aliyekuja na mama

Matangani huku Kisumu hukosi kusikia kwamba mtoto aliyekuja na mama hana chake katika mali ya baba wa kambo. Si kweli. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 29, inamtaja waziwazi miongoni mwa wategemezi, mradi marehemu alikuwa akimtunza hadi alipofariki. Na kama alimkubali kabisa kuwa mwanawe, kifungu cha 3 kinamhesabu mtoto wake.

Kwa hiyo ile risiti ya karo iliyokunjwa ndani ya Biblia, yenye jina la marehemu, itunzeni. Ni ushahidi. Mtegemezi apeleke ombi lake mahakamani kabla hati ya usimamizi wa mirathi, ile inayompa mtu mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu, haijathibitishwa na mahakama. Ikishathibitishwa, kifungu cha 30 kinamfungia mlango.