Ajali ndogo barabarani: kabla hujasema "tumalizane"

Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ikifika, sisi wa idara ya madai ya bima tunapewa meza kwenye banda la maonyesho, na maswali yanakuwa yaleyale. Magari yamegusana kwenye foleni, bampa imechubuka, mmoja kasema: "Bosi, usiite trafiki, tumalizane tu, nitakutumia hela ya fundi." Wamepeana namba, wameondoka. Siku tatu baadaye simu haipokelewi, na mwenye gari anakuja kwetu na picha moja ya bampa yake mwenyewe. Namba ya usajili ya gari la pili hana.

Ndugu mwananchi, hapo hakuna dai tunaloweza kulifungua.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva aliyehusika kwenye ajali asimame, amsaidie aliyeumia, ajitambulishe na kuripoti polisi. Kuondoka bila kufanya hivyo ni kosa linalojitegemea. Unaweza kuwa wewe ndiye uliyegongwa, ukaondoka kwa kuogopa watu waliojaa, ukajikuta mshtakiwa. Kama pale si salama, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukaripoti. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Ukisubiri trafiki waje kupima, piga picha. Picha ya mbonyeo tunaipata hata gereji. Tunayoikosa ni ile ya kusimama mbali kidogo: magari yote mawili, mistari ya barabara, alama ya kusimama, matairi yameelekea wapi, vioo vya taa vimedondokea wapi. Chukua namba ya simu ya shahidi asiye abiria wako. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha hapo mara nyingi ndio walioona. Gari lisisogezwe kabla ya picha, na ukipiga simu polisi uliza kama unaruhusiwa kulitoa barabarani. Kama kuna mtu ameumia, hata akisema ni mzima, usiliguse mpaka askari afike, na huyo mtu achukue PF3, fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye kosa, maana hapa ndipo watu wanapotuchosha. "Aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa." Mara nyingi ni kweli, kwa kuwa dereva anatakiwa kuacha nafasi ya kutosha. Lakini aliyekuwa anarudi nyuma, au aliyechomekea mbele yako ghafla na kufunga breki, naye anagongwa kwa nyuma. Kosa halisomwi kwenye bampa peke yake.

Chukua mfano wa kipilefti. Gari la kwanza limebonyea mlango wa kushoto, la pili limevunjika kona ya mbele ya kulia. Dereva wa kwanza anasema: nilikuwa ndani tayari, huyu kaingia bila kusubiri. Wa pili anasema: nilishaingia, niko njia ya nje, yeye katoka njia ya ndani akanikatia kwenda kutoka. Mbonyeo ule ule unabeba hadithi zote mbili. Vioo vikiwa vimelala kwenye mstari wa kuingilia, ya kwanza inapata nguvu. Vikiwa karibu na njia ya kutokea, ya pili. Gari likishasogezwa na vioo kufagiwa bila picha, kilichobaki ni nani ana sauti kubwa.

Kwa hiyo usibishane barabarani, na usikiri kosa. Masharti ya bima yako, yale uliyosaini bila kusoma, yanakukataza kukiri au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Kusema "pole, umeumia?" si kukiri. Kumwandikia mtu kwenye karatasi "nitalipa gharama zote" ni kukiri.

Jambo linalofuata nitalieleza kirefu. Askari akipima atachora ramani ya ajali na kuchukua maelezo ya kila upande. Akiona upande mmoja una kosa, anaweza kumwandikia dereva huyo faini, ile ya 30,000 iliyozoeleka kwa magari, inayolipwa kwa namba ya malipo. Kulipa faini hiyo maana yake umekubali kosa. Wapo wanaolipa "ili yaishe niwahi kazini", kisha wanatuandikia barua kuwa hawakuwa na kosa. Asiyekubali ana haki ya kusema hakubali, na shauri linaweza kwenda mahakamani. Itachukua muda zaidi, ni kweli. Lakini maelezo yako yawe ya kweli, maana kumpa askari taarifa za uongo ni kosa la jinai, na hilo halina uhusiano na bampa.

Karatasi tunazodai ni hizi: PF 115, taarifa ya awali ya ajali, PF 93, taarifa ya mkaguzi wa magari, PF 90, taarifa ya mwisho, pamoja na ramani, nakala ya leseni na kadi ya gari. Gari lisinyooshwe wala kupigwa rangi kabla mkaguzi na mtathmini wetu hawajaliona. Leseni iliyokwisha muda tutaiona, hata ukituletea nakala iliyofifia.

Na bima ndogo haitengenezi gari lako. Narudia: haitengenezi gari lako. Inamlipa yule uliyemkosea. Ukiwa na bima ndogo na umegongwa, dai lako linakwenda kwa kampuni ya aliyekugonga, nayo itataka ushahidi kwamba mteja wake ndiye mwenye kosa. Kampuni yake utaijua palepale: ingiza namba ya usajili wa gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, utaona bima ni ya nani, ya aina gani na inaisha lini. Mwenye bima kubwa anaweza kutulia. Sisi tunamtengenezea kisha tunamfuata mwenzake, ingawa sehemu ya mteja iliyoandikwa kwenye mkataba ataichangia kwanza.

Kampuni ikikataa dai lako, omba sababu kwa maandishi. Usiporidhika, peleka barua hiyo pamoja na zile fomu za polisi TIRA au Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Usiende mikono mitupu ukaanza na "mimi nilikuwa kwenye njia yangu". Hata mwenzako atasema hivyo.