Tollywood si Bollywood iliyokosewa herufi

Shemeji yangu alikuwa sebuleni anaangalia Jay Jayanti, filamu ya mwaka 1971 ambamo Aparna Sen ni mwalimu anayekuja kuishi kwenye nyumba ya watu afundishe watoto watundu wasioshikika. Mwigizaji Uttam Kumar yumo, na nyimbo zimejaa. Nikamuuliza anaangalia nini. "Picha la Kihindi. Bollywood ya zamani." Nikamwambia hiyo ni Tollywood. Akacheka: "Umekosea herufi wewe."

Si yeye wa kwanza, ndiyo maana naandika.

Tollywood ni jina la utani la tasnia ya filamu za Kibengali, yenye makao Kolkata, mashariki mwa India. Maana ni hiyo tu. Utamu uko kwenye jina lenyewe.

Kusini mwa Kolkata kuna eneo linaloitwa Tollygunge. Tolly alikuwa Meja William Tolly, Mwingereza ambaye miaka ya 1770 alizibua mkondo wa kale wa mto Ganga uliokuwa umejaa tope, ili mashua zipite. "Gunge" ni ganj, yaani mahali pa soko, neno utakalolikuta kwenye majina ya miji mingi ya kule. Mfereji wa Tolly upo hadi leo. Maji yake meusi, yananuka, na nguzo za reli ya metro zimesimishwa humo humo ndani.

Hapo Tollygunge ndipo studio zilipojengwa, ikiwemo New Theatres iliyoanzishwa mwaka 1931. Filamu zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kusema, na fundi wa sauti Mmarekani, Wilford Deming, alikuwa ameitwa kusaidia. Mwaka 1932 akaandika katika jarida la kwao, akalifanyia jina la mtaa mzaha: Tollygunge, Hollywood, Tollywood. Neno likabaki.

Sasa Bollywood. Hilo, la filamu za lugha ya Kihindi, limetokana na Bombay (Mumbai ya leo), na lilishika miaka ya 1970. Hesabu mwenyewe: mdogo ndiye Bollywood, tena kwa miaka kama 40. Anayesema Tollywood ni Bollywood iliyokosewa anamwita babu kwa jina la mjukuu.

Nakiri kuna mkanganyiko wa kweli. Filamu za Kitelugu, zenye makao Hyderabad, nazo huitwa Tollywood. Ila T ya kule ni ya Telugu. Hakuna meja wala mfereji.

Na Kiswahili chetu kimechangia. Kwetu "Kihindi" ni lugha moja na pia ni kila kitu cha India, kuanzia vyakula hadi sinema. Mtu akisema "picha la Kihindi" hujui anataja nchi au lugha, na Mbengali anapotea katikati.

Kwa hiyo, shemeji, sema "picha ya Kibengali". Ukiona ni ndefu, "picha ya India" inatosha, hutabishana na mtu. Ule wimbo wa watoto ulioupenda, "Amader Chhuti Chhuti", umo kwenye kazi zilizompa Sandhya Mukherjee tuzo ya taifa ya uimbaji wa filamu, na ni Kibengali: tuna likizo, likizo. Ingawa, nikubali, hiyo "chhuti" hata mtu wa Delhi, anayesema Kihindi, angeielewa.