Je, wajua kwa nini wawili wanashikwa na roli moja moja ya bangi, mmoja anaingia jela na mwingine anaenda kwao?

Chukua vijana wawili hapa Kenya, mara yao ya kwanza kushikwa, kila mmoja roli moja mfukoni. Mmoja anapigwa faini, hana pesa, anaingia ndani. Mwingine jioni yuko kwao anakunywa chai. Watu watasema huyo wa pili alitoa kitu kidogo, na sikatai hayo hufanyika, lakini mara nyingi jibu liko kwenye sheria yenyewe na kwenye vile mtu alivyoongea mbele ya hakimu.

Ile sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ilikuwa kali, bangi ya kuvuta mwenyewe miaka 10, na kama si ya kuvuta mwenyewe, 20. Ikarekebishwa 2022, sasa ya kuvuta mwenyewe ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi laki moja. Hiyo "isiyozidi" isome pole pole, maana yake hakimu ana ruhusa ya kushuka chini sana. Mtego ni kwamba ni WEWE unatakiwa umridhishe kuwa ilikuwa yako ya kuvuta tu! Sasa mtu ameshikwa Ijumaa jioni, yale masaa 24 ya kupelekwa kortini yakiisha wikendi anangoja hadi Jumatatu, amelala seli hajaoga, wenzake wamemwambia ukikubali haraka unatoka haraka, anasomewa shitaka anajibu "ni kweli" na kunyamaza. Ile ya "ilikuwa yangu mwenyewe" hajaitaja popote. (By the way bondi ya polisi, yaani kuachiliwa kituoni kwa ahadi kwamba utafika kortini, ni bure, ungeiomba hiyo Ijumaa.)

Ukishakubali, kiongozi wa mashtaka anasoma vile ulishikwa, anasema kama una rekodi, halafu hakimu anauliza una la kusema. Hapo ndipo wengi wanasema "naomba msamaha" wanaketi. Mimi ningesema hii ni mara yangu ya kwanza, nasoma au nafanya kazi mahali fulani, naomba ripoti ya afisa wa probesheni kabla sijahukumiwa. Huyo afisa anauliza nyumbani kwenu, mara nyingi anaongea na familia na chifu, na ikiwa ripoti ni nzuri hakimu anaweza kukuweka probesheni, yaani unakaa nje chini ya uangalizi wa afisa, kuanzia miezi 6 hadi miaka 3, tena anaweza kufanya hivyo bila hata kukutia hatiani rasmi, na hiyo ni kubwa kwa mtu atakayetafuta cheti cha tabia njema kesho.

Probesheni isipofaa kuna kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, unaachiliwa kabisa, au kwa sharti usirudie kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Kuna pia huduma kwa jamii, unafyeka nyasi shuleni ama zahanati bila malipo, masaa yasiyozidi 7 kwa siku, jioni unalala kwako. Na kama mtu amezama kabisa kwenye dawa, korti inaweza kuamuru apelekwe kituo cha marekebisho.

Kuna njia nyingine hata kabla ya hayo yote, ofisi ya mkurugenzi wa mashtaka ina sera ya kuchepusha kesi ndogo zisifike hukumuni, unakubali kosa na kutimiza masharti mliyoafikiana. Aliye chini ya miaka 18 huyo hafungwi jela hata kidogo, ana sheria yake ya watoto ya 2022.

Na kama tayari umehukumiwa, una siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Ukikubali kosa mwenyewe utapinga adhabu tu, isipokuwa kukubali kwenyewe kulikuwa na kasoro, mfano ulisomewa shitaka kwa lugha usiyoielewa.