Ushahidi wa kisa na ushahidi wa takwimu: mfano wa mjadala wa bunduki Marekani

Ushahidi wa kisa ni hoja iliyojengwa juu ya tukio moja. Mwanamke kampiga risasi jambazi aliyemvunjia mlango, basi bunduki inaokoa. Mtoto kaokota bastola ya baba yake akamuua mdogo wake, basi bunduki inaangamiza. Marekani mambo yote mawili hutokea kweli, ndiyo maana hakuna upande unaokosa cha kusimulia. Lakini kisa kinathibitisha tu kwamba jambo linawezekana. Ukitaka kujua linatokea mara ngapi na linawapata akina nani, lazima uhesabu.

Chukua mwaka 2021. Kwa hesabu za CDC, taasisi ya serikali inayofuatilia magonjwa na vifo, watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini humo. Anayefuata habari atadhani wengi waliuawa shuleni au madukani na mtu aliyeingia akifyatua ovyo. Sivyo hata kidogo. Watu 26,328, zaidi ya nusu, walijiua. Waliouawa na wenzao ni 20,958, na mashambulizi ya halaiki ni sehemu ndogo tu ya hao.

Anayejiua chumbani kwake hatangazwi. Familia inamzika, basi, na mjadala unaendelea kana kwamba hakuwapo. Hili linaniuma, kwa sababu wengi wanaonusurika jaribio la kujiua hawaji kufa kwa kujiua baadaye. Wanachohitaji ni kuvushwa saa ile mbaya. Kwa hiyo kufungia silaha kabatini, au kumtaka mnunuzi asubiri siku kadhaa kabla ya kukabidhiwa, ni maswali mazito kuliko yanavyoonekana kwenye malumbano ya televisheni.

Takwimu nayo huulizwa imepatikanaje. Mwaka 1995 wataalamu wa uhalifu Gary Kleck na Marc Gertz walichapisha makadirio kwamba Wamarekani hujihami kwa bunduki mara milioni 2.5 hivi kwa mwaka. Walikuwa wamewahoji kwa simu watu takriban 5,000, na waliosema wamejihami ndani ya mwaka uliotangulia mahojiano walikuwa asilimia 1 na ushei. Ukiikuza asilimia hiyo kwa watu wazima wa nchi nzima unapata mamilioni. Na wachache tu wakikosea tarehe au wakitia chumvi, jibu zima linavimba. Uchunguzi wa serikali wa wahanga wa uhalifu, unaohoji watu wengi zaidi, hutoa idadi ya takriban laki moja au pungufu.

Pengo kama hilo huzibwa kwa utafiti, na utafiti unataka fedha. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliizuia CDC kutumia fedha zake za kuzuia majeraha kutetea udhibiti wa bunduki, na taasisi hiyo ikaogopa hata kuchunguza. Fungu mahsusi la utafiti huo, dola milioni 25 za kugawana na taasisi za taifa za afya, lilipitishwa mwishoni mwa 2019.