Mtoto mmoja, nyumba mbili, dawa nusu: wazazi mlioachana mkivutana kuhusu matibabu

Jumatatu ndo siku tunayowaona sana watoto wa nyumba mbili. Mtoto ana pumu, mpaka Ijumaa alikuwa vizuri tu, akaenda kwa baba wikiendi, Jumatatu analetwa kifua kinapiga filimbi na ukiuliza kuhusu ile pampu ya asubuhi na jioni unaambiwa "kwa baba hatutumii". Wiki nyingine ni mtoto mwingine, huyu baba ndo anafuata maelezo ya daktari na mama ndo kaiweka dawa kabatini, kwa hiyo msisome hapa mkadhani naongelea upande mmoja. Mimi nafanya kazi kitengo cha ustawi wa jamii kwenye hospitali ya watoto, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na watu wawili ambao hawataki hata kuangaliana, ila wana mtoto mmoja na huyo mtoto anaumwa.

Naomba tuelewane jambo moja kwanza. Wazazi wakivutana, kila mmoja anadhani mwisho wa siku mtoto atapata matibabu ya mama au ya baba. Sivyo inavyokuwa. Mtoto anapata nusu ya hili na nusu ya lile, na mara nyingi hiyo nusu ni mbaya kuliko uamuzi wa yeyote kati yenu.

Turudi kwenye pumu maana inaeleweka kirahisi. Kuna pampu ya kutuliza, ile mtoto akibanwa anavuta na baada ya dakika chache anapumua, na kuna pampu ya kuzuia, yenye dawa ya steroidi kidogo, ambayo inapunguza uvimbe ndani ya njia za hewa na inahitaji siku kadhaa mpaka wiki kadhaa za kuvuta bila kuruka ndo ifanye kazi sawasawa. Sasa mzazi anamwona mtoto anacheza, anakimbia, hakohoi, anajiambia kwangu huyu hana shida, mwenzangu anamlisha madawa bure, anaiacha. Anachosahau ni kwamba mtoto anakimbia kwa sababu dawa imekuwa inafanya kazi wiki nzima. Mwenzake naye akisikia imeachwa anapandisha hasira, anatuma meseji ndefu usiku, na kuanzia hapo hakuna anayeongelea pumu tena, mnaongelea ndoa.

Ndo maana nikikaa na wazazi swali langu la kwanza sio nani yuko sahihi. Nauliza, unaogopa nini? Unakuta yule anayekataa ana sababu yake, labda kasikia steroidi zinadumaza mtoto, na hilo ni swali halali kabisa ambalo daktari ana jibu lake: pampu za namna hii zinaweza kupunguza urefu kidogo sana, pengine sentimita moja hivi, na dozi inawekwa ya chini inayotosha, kwa upande mwingine pumu isiyodhibitiwa inaweza kuua. Mtu akijibiwa hivo na daktari, ana kwa ana, anaweza kubadilika. Akijibiwa hivohivo na mtalaka wake habadiliki hata kidogo, kwa sababu kwake hayo sio maelezo, ni amri ya mtu aliyemkimbia. Kwa hiyo kama kuna kitu kimoja tu utafanya baada ya kusoma hapa, basi ni hiki: mwende kwa daktari wote wawili, siku moja, msikie maneno yaleyale kwa masikio yenu. Kama hamuwezi kukaa chumba kimoja, mmoja awe kwenye simu, au muombe miadi miwili kwa daktari yuleyule, tunafanya hivo mara nyingi tu, hakuna atakayewashangaa.

Kingine ni hivi vitu vidogo ambavyo hakuna anayeviona kuwa ni mgogoro mpaka mtoto anafika amezidishiwa. Parasetamo mtoto anapewa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 10 mpaka 15 kwa kilo moja, kila baada ya saa 4 mpaka 6, na zisizidi dozi 4 ndani ya saa 24. Sasa mama kampa saa nane mchana, baba kaja kumchukua saa tisa, hawasalimiani, mtoto kapakiwa kwenye gari, kafika huko ana joto, kapewa tena. Na chupa za sirapu hazilingani nguvu! Kuna yenye miligramu 120 kwenye mililita 5 na kuna yenye 250 kwenye mililita hizohizo 5, kwa hiyo kijiko kilekile kwenye nyumba mbili kinaweza kuwa dozi mbili tofauti kabisa, na juu yake mtu anaongeza dawa ya mafua ambayo ndani yake kuna parasetamo tena. Ini la mtoto linaumia na siku ya kwanza anaweza kuonekana mzima tu. Daftari moja dogo linalosafiri na begi la mtoto, dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, linamaliza tatizo hili lote bila nyie kulazimika kuongea. Ukihisi kazidishiwa usisubiri aanze kuumwa ndo umlete, na usifiche ukiogopa mwenzako ataitumia mahakamani.

Tukija kwenye sheria, watu wengi wanachanganya mambo mawili: mtoto analala kwa nani, na nani ana haki ya kuamua. Talaka inavunja ndoa, haivunji uzazi. Kwenye nchi nyingi mahakama inaweza kusema mtoto aishi na mama na bado wote wawili mkabaki na sauti kwenye mambo makubwa kama upasuaji, au ikampa mmoja tu sauti hiyo, inategemea imeandikwa nini. Kwa hiyo toa ile hukumu kwenye droo uisome, sehemu ya mtoto, isome neno kwa neno, na ulete nakala hospitali, maana tumeshaona mzazi anapiga kelele kwamba mwenzake hana haki yoyote kumbe karatasi inasema vingine. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unasema kwenye ibara ya 18 kwamba wazazi wote wawili wana jukumu la pamoja kumlea mtoto, na ibara ya 3 inataka maslahi ya mtoto yapewe uzito wa kwanza.

Kwa vitendo huwa inakuwa hivi. Mambo ya kila siku, homa, kidonda, kikohozi, anaamua aliye na mtoto siku hiyo. Dharura, yaani kidole tumbo kinataka kupasuka au mtoto kapata ajali, madaktari wanaokoa maisha, hawasubiri mpaka mwenzako apokee simu, ila mpigie, tafadhali mpigie, hata kama mna miezi hamjaongea, kwa sababu mzazi anayejua siku tatu baadaye kwamba mwanae alipasuliwa hatakaa akuamini tena na kila tiba inayokuja ataipinga. Kazi iko kwenye mambo makubwa yasiyo ya dharura, hapo ndo hospitali inaweza kuomba ridhaa ya wote na ndo mahali mambo yanakwama.

Na kukwama kuna gharama. Chukua mtoto ambaye jicho moja halioni vizuri, ubongo umeanza kulipuuza na kutegemea lile lingine. Tiba yake inaweza kuwa miwani pamoja na kuziba lile jicho linaloona vizuri kwa kibandiko masaa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi, na inafanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa hajafika miaka 7 hivi. Mtoto analia akibandikwa, ni kweli analia, anajikwaa, wenzake wanamcheka. Nyumba moja inabandika, nyingine inaona huruma inabandua. Mnabishana mwaka mmoja, miwili, na hakuna aliyesema "nakataa mwanangu asione", ila muda ule haurudi. Saa ya mwili wa mtoto haisubiri wazazi wapatane, na hili naliongea kwa uchungu maana nimekaa na mzazi akihesabu miezi kwa vidole.

Ila sitaki mtu aondoke akidhani anayesema "tusubiri" ndo mkorofi siku zote. Upasuaji wa tonsili kwa mfano, kwa mtoto anayeumwa koo mara kwa mara, kigezo ambacho madaktari wengi wanakitumia ni angalau mara 7 ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili mfululizo, au mara 3 kila mwaka kwa mitatu, na watoto wengi walio chini ya hapo wanapona wenyewe wakikua. Akiwa anakoroma na pumzi inakatika usingizini hiyo ni habari nyingine. Kwa hiyo baba akisema tungoje na mama anataka upasuaji kesho, pengine baba ana hoja, na njia ya kujua sio kupaza sauti, ni kurekodi kila koo linapouma na kumuona daktari mwingine asiyewajua nyote.

Chanjo nazo zinagombanisha sana. Bado kuna wanaoogopa kwa sababu ya ile makala ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, jarida lenyewe la Lancet liliifuta mwaka 2010 na tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano huo. Surua yenyewe, mtoto asiye na kinga akikaa karibu na mgonjwa, watu 9 kati ya 10 wa namna yake wanaipata. Uingereza mwaka 2003 kesi za watoto wawili wa kike zilifika Mahakama ya Rufaa, baba zao wanataka wachanjwe, mama zao hawataki, na mahakama ikakubali wachanjwe kwa kufuata ushahidi wa madaktari.

Hapo ndo ujue mahakama inaangalia nini mkifika huko. Hakimu anataka ripoti ya daktari, hatari ya kutibu na hatari ya kuacha, mtoto mwenyewe anasemaje, na nani amekuwa akimpeleka kliniki. Nani alimwacha nani haimsaidii kitu, na screenshot za matusi mara nyingi zinamuumiza aliyezileta. Kabla ya kufika huko jaribuni usuluhishi, ustawi wa jamii tupo, na hospitali nyingi kubwa zina kamati ya maadili ya tiba inayoweza kuwasikiliza.

Halafu mtoto. Ibara ya 12 ya ule mkataba inasema asikilizwe kulingana na umri na uelewa wake. Mtoto wa miaka 13 mwenye kisukari anajua mwili wake kuliko nyie wote, muulizeni. Lakini kumuuliza sio kumfanya achague kati yenu, na sio kumtuma "kamwambie baba yako hiyo dawa ni sumu". Mtoto aliyebebeshwa ujumbe wa namna hiyo anajifunza kudanganya, kwa mama anasema kameza, kwa baba anasema hakumeza, na daktari anabaki kupandisha dozi ya dawa ambayo hainywewi.

Akikuuliza usiku, mbona mnagombana kwa sababu yangu, mwambie hivi: sio kwa sababu yako, mimi na baba yako bado tunaongea na daktari, tukimaliza tutakuambia sote wawili. Halafu kesho yake asubuhi umpigie huyo baba mpange siku ya kwenda.