Plagi ya USB-C haikuoneshi kasi ya kebo

Juzi mteja aliniletea diski yake ya nje, SSD (ile isiyo na sahani zinazozunguka) ya kusoma megabaiti 1,000 kwa sekunde. Kwake ilikuwa inajikongoja kwa megabaiti 40, na alishaanza kuulizia bei ya nyingine. Diski ilikuwa nzima kabisa. Alikuwa anaichomeka kwa kebo ya chaji ya simu.

Simlaumu, maana plagi ni ileile. USB-C ina pini 24, lakini si lazima zote ziungwe. Kebo nyingi za chaji zina nyaya za umeme na mbili tu za data, zile za USB 2.0, kiwango cha mwaka 2000 ambacho mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60, maana baiti moja ni biti nane. Nyaya za kasi hazimo ndani, na hakuna programu wala mipangilio itakayoziweka. Kusoma video za gigabaiti 100 kwa kebo hiyo ni dakika 40 na ushee. Kwa kebo ya gigabiti 10, diski ya yule bwana inazimaliza kwa dakika mbili hivi.

Dukani, tafuta maandishi 10Gbps, yaani gigabiti 10 kwa sekunde, kwenye boksi au kwenye plagi yenyewe. Ukiona 100W au 240W, huo ni umeme. Zipo kebo za 240W ambazo data yake ni USB 2.0. Jina USB 3.2 peke yake nalo halitoshi, kwani linabeba gigabiti 5, 10 na 20. Unene na kitambaa cha kusukwa havisemi lolote kuhusu kasi. Urefu ndio unaosema: kwa gigabiti 10 mimi sivuki mita moja. Kama diski yako ni ile ya sahani zinazozunguka, gigabiti 5 zinatosha, usilipie zaidi.

Ukifika nyumbani, ipime. Kwenye Linux fungua terminali uandike amri lsusb -t: ukiona 480M mbele ya diski, kebo irudi dukani, ili mradi tundu la kompyuta ni la kasi. Kwenye Windows nakili faili moja kubwa utazame kasi.

Kisha itikise kidogo plagi wakati diski haiandiki kitu. Diski ikipotea na kurudi, usiiamini kebo hiyo hata kama ina kasi, kwa sababu ikikatika katikati ya kuandika inaweza kuharibu faili. Za namna hiyo mimi huzikata kwa mkasi, mtu mwingine asije akaziokota.