Umeokota mbwa, na nyumbani una wengine: maswali na majibu

Kila baridi ya Juni inapoingia Mbeya, simu zinazonifikia hufanana. Mtu ametoka sokoni Mwanjelwa jioni, amekuta mbwa amejikunja pembeni ya mtaro, roho imemuuma, amembeba. Anataka kumlea wiki chache mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Lakini nyumbani kuna mbwa wake wa ulinzi, kuna paka, na kuku wako nyuma ya jiko. Mimi ni daktari wa mifugo, na nyumbani kwangu Uyole nimelea mbwa wa namna hiyo kwa miaka mingi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Shikamoo dokta. Nimefika naye getini. Nimwingize tu kwa wenzake?

Marahaba mwanangu. Hapana, usimwingize. Mtafutie mahali pa peke yake kwa siku 14: stoo, bafu la nje, hata banda la kuku lililo tupu kama lina paa zuri. Mbwa anaweza kukutikisia mkia leo huku ugonjwa umeshaingia mwilini. Parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu, kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 7 kujitokeza, mara nyingine hata 14. Distempa, inayoanza na tongotongo na makamasi na kuishia kwenye kutetemeka kwa misuli, huchukua wiki moja, mbili au zaidi.

Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wa kwanza nilimleta mtoto wa mbwa wa miezi miwili hivi, nikamlaza gunia moja na mtoto wa mbwa wangu, kwa sababu walipendana papo hapo na usiku ule ulikuwa wa baridi kali. Siku ya tatu mgeni alianza kutapika povu la njano. Siku ya nane wangu naye akaanza. Alikufa alfajiri, kidevu chake kikiwa kimelala ukingoni mwa bakuli la maji ambayo alikuwa anayatamani na hawezi kuyanywa. Mgeni alipona. Wangu sikuwa nimemkamilishia chanjo.

Kwa hiyo kumtenga maana yake ni zaidi ya kufunga mlango. Hudumia kwanza wanyama wako, ndipo uende kwa mgeni. Awe na bakuli lake, ufagio wake, na wewe uwe na jozi ya ndala au buti za kuingilia humo tu. Ukitoka, nawa kwa sabuni. Kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na sabuni peke yake hakiiogopi. Kinachokiua ni jiki: kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji. Lakini ondoa kwanza kinyesi na tope lote, kwa sababu jiki ikikutana na uchafu inaisha nguvu. Mwaga, acha dakika 10, kisha suuza. Ndiyo maana napenda sakafu ya saruji kuliko uwanja wa udongo, ambao huwezi kuusafisha ukasafishika.

Na mkojo wake usiufagie kwa miguu mitupu. Mbwa anaweza kubeba homa ya mgunda, ule ugonjwa uliotangazwa sana mwaka 2022 ulipotokea Lindi, na vijidudu vyake hutoka na mkojo.

Si atakufa na baridi huko stoo?

Mnyanyue kutoka kwenye saruji. Mbao mbili tatu, juu yake gunia lililojazwa maranda au majani makavu, zinatosha. Jambo moja nakusihi: usimwekee jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya mkaa inaua mbwa kama inavyoua watu, kimya kimya.

Nimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe? Amejaa kupe na viroboto.

Usifanye hivyo kwa kukisia. Dawa ya josho imepimwa kwa uzito wa ng'ombe, na mbwa aliyekonda anaweza kudhurika nayo. Muone afisa mifugo akupe inayomfaa mbwa kwa uzito wake.

Halafu fikiria paka. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina permethrini, ambayo kwa mbwa haina neno ila kwa paka ni sumu. Paka akijisugua kwa mbwa aliyepakwa leo, au akimlamba, anaweza kuanza kutetemeka na kudegedeka. Na kwa kuwa tumeshataja paka: usimpe kamwe parasetamoli. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Chanjo na minyoo nianze na kipi?

Anza na wa kwako, kabla hujaleta mgeni yeyote. Kama mbwa wako hana chanjo, huna bado nyumba ya kulelea mwingine. Najua sentensi hiyo ni ngumu kwa mtu ambaye tayari ana mbwa mkononi, lakini ndivyo ilivyo.

Mgeni mpe dawa ya minyoo wiki ya kwanza, urudie kama utakavyoelekezwa. Mayai ya minyoo ya mbwa hukaa kwenye udongo, mtoto akicheza hapo na kutia vidole mdomoni yanaingia, na viluwiluwi vyake vinaweza kufika hata kwenye jicho. Watoto wa mbwa huanza chanjo ya parvo na distempa wakiwa na wiki 6 hadi 8, wakarudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wafike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa wakiwa na miezi mitatu.

Akimaliza siku 14 salama, si ina maana hana kichaa cha mbwa?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanajidanganya. Mbwa aliyeng'atwa na mwenye kichaa anaweza kukaa wiki tatu, miezi mitatu, mara nyingine miezi sita, bado anaonekana mzima. Hata chanjo unayompa leo inaweza isimwokoe kama kirusi kilishaingia kabla hujamwokota. Kwa hiyo mchanje, kisha endelea kumtazama. Sauti ikibadilika, mate yakichuruzika, taya likilegea, akiyumba, aking'ata mawe na vijiti, au aliyekuwa mpole akawa mkali na mkali akawa mpole ghafla, mfungie alipo na umwite mtaalamu.

Tena sikiliza hili vizuri. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuonekana kama aliyekwamwa na mfupa kooni. Mtu mwema anaingiza mkono kumsaidia. Usiingize mkono.

Aking'ata mtu, au mate yake yakigusa kidonda, osha hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kwa saa. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na dozi za chanjo utakazopangiwa uzimalize zote. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ugonjwa unaozuilika kwa sabuni na chanjo hautakiwi kumchukua mtoto wa mtu.

Siku 14 zimekwisha, wote wazima. Nawakutanishaje?

Pua zitangulie. Siku chache kabla, chukua gunia analolalia mgeni uliweke karibu na wa kwako, na la wa kwako umpelekee. Wanusane bila kuonana.

Siku yenyewe usiwakutanishie uani, kwa sababu ua ni mali ya mbwa wako na ataulinda. Tokeni barabarani, watu wawili, kila mmoja na kamba yake, tembeeni mkielekea upande mmoja, mkiachana hatua kumi hivi, kisha mkisogeleana polepole. Kamba isikazwe. Mbwa akihisi kamba imekazwa anaelewa kuna hatari. Nyie mtazame mwili: mkia uliosimama wima kama mti, macho yasiyopepesa, manyoya ya mgongoni yamesimama, hapo geuzeni taratibu bila kupiga kelele. Wakinusana nyuma na kuachana wenyewe, mambo yanakwenda. Rudini nyumbani pamoja, mkiwa mmeshaondoa mabakuli na mifupa yote uani. Ugomvi mwingi niliouona nyumbani kwangu ulianzia kwenye mfupa, na mbwa hao hao walikuwa wamelala pamoja asubuhi.

Kila mmoja ale peke yake mwezi mzima, mlango ukiwa katikati. Usiku wasiachwe pamoja mpaka wawe wamezoeana kweli.

Paka hana haja ya kupendana na mtu. Anahitaji mahali pa juu pa kukimbilia, kabati au dari, na chakula chake kiwe huko huko. Mbwa awe kwenye kamba mpaka aache kumkazia macho. Kuku nao wafungiwe. Mbwa aliyeishi mtaani kwa njaa amejifunza kuwa kuku ni chakula, na si haki kumlaumu.

Amepatikana wa kumchukua, yuko Iringa. Nimpe nini?

Mpe kadi ya chanjo, na kwenye karatasi mwandikie tarehe za dawa ya minyoo, chakula alichozoea na vitu vinavyomtisha. Mwambie aendelee kumtazama hadi miezi sita itimie tangu siku uliyomwokota. Na gunia alilolalia aende nalo, bila kulifua.